Jina la mtoto wa mwenzako: namna ya kusema ukweli na mkabaki ndugu

Wanaokuuliza "jina hili unalionaje?" si wote wanaotaka kujua unalionaje. Mmoja anakutangazia. Mwingine anatafuta shahidi dhidi ya wakwe zake. Wa tatu, na huyu ni adimu, bado hajaamua na anataka msaada wa kweli. Ukiwapa wote watatu jibu moja, wawili utawaudhi.

Nimefundisha darasa la kwanza hapa Dodoma muda wa kutosha kujua majina yanaishia wapi. Yanaishia kwenye daftari la mahudhurio, na kutoka hapo yanahamia midomoni mwa watoto zaidi ya hamsini ambao hawakualikwa kwenye arobaini na hawajui mlihangaika vipi kulipata. Kwa hiyo nina maoni mengi kuhusu majina ya watoto wa watu, na mengi nimeyameza. Niliyoyasema na yakasikilizwa yalikuwa na sifa moja: yalisemwa wakati bado yana kazi. Ukweli kuhusu jina una muda wake wa matumizi, kama maziwa. Ukisemwa mapema ni msaada. Ukisemwa baada ya cheti ni umbea. Ukishika hilo tu, sehemu kubwa ya mwongozo huu umeipata.

Hatua ya kwanza: sikiliza alivyosema

"Tunafikiria kumwita Ivan" ni swali hata kama halina alama ya kuuliza. "Tumempa Ivan" si swali, hata likifuatiwa na "unalionaje?" Hapo umepewa taarifa, na taarifa hujibiwa kwa pongezi: "Hongereni sana, Mungu amkuze." Usiongeze "jina zuri mno" kama hulioni zuri. Hakuna anayekulazimisha kudanganya. "Mungu amkuze" inatosha, na hakuna mtu atakayekuja kukuuliza ulimaanisha nini.

Anayetafuta shahidi ndiye wa kuogopwa. Wifi yako anakupigia saa mbili usiku. Yeye anataka Precious. Kule Mvumi ukweni kwake wameshatuma neno kwamba mtoto amrithi bibi yake. "Hebu wifi, sema mwenyewe, hilo jina si la kizee?" Kumbuka huko ukweni kwake ni kwa baba yako mzazi. Ukisema ndiyo, kesho litafika Mvumi likiwa na saini yako: hata wifi amekubali ni la kizee. Ukisema hapana, umemwacha peke yake usiku huo. Jibu la hapo halihusu jina kabisa: "Wifi, hili mliongee kwanza wewe na kaka. Mkishakuwa na neno moja nyinyi wawili, kwa baba nitakwenda mimi." Umemsaidia kuliko kama ungempa kura yako.

Usipoweza kutofautisha, uliza waziwazi: "Mmeshaamua, au bado mnachagua?" Swali hili halimuudhi mtu, na jibu lake litakuonyesha ulipo.

Hatua ya pili: angalia kalenda kabla ya kufungua mdomo

Jina la mtoto hukomaa kwa vituo, na kila kituo kina maoni yanayofaa na yasiyofaa.

Wakati wa ujauzito nafasi ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Lakini familia nyingi hazipendi kutaja jina la mtoto ambaye hajafika, kwa hiyo ukitajiwa, umeaminiwa. Sema lako, kisha lisitoke kwako kwenda popote. Kosa la kulieneza ni kubwa kuliko kosa la kulikosoa.

Mtoto akishazaliwa, hospitali hutoa tangazo la kizazi, na kadi ya kliniki hufunguliwa. Mara nyingi siku za mwanzo mtoto ni "mtoto wa Fulani" tu, jina la mama likitangulia. Hapa bado kuna nafasi, ila urefu wake unategemea nyumba. Kwa Waislamu, na ukienda Kondoa kwa Warangi utakuta ndio wengi, siku ya saba kuna akika: nywele zinanyolewa, wanachinjwa mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume au mmoja kwa wa kike, na jina linatajwa. Mwenye la kusema aseme kabla ya siku hiyo. Ukishakula nyama ya akika umeshalikubali jina. Kwa Waanglikana na Wakatoliki, ubatizo unaweza kukaa wiki au miezi, na watu hujidanganya kwamba mpaka siku hiyo bado mnajadiliana. Si kweli. Jina hujadiliwa mpaka siku mama anapoanza kumbembeleza nalo mtoto usiku.

Kisha unakuja usajili. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Watoto wa chini ya miaka mitano huandikishwa kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata chini ya RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Kwa hiyo wengi siku hizi wanapata cheti mapema, na dirisha lako la kusema ni fupi kuliko la mama zetu, ambao wengine walipata vyeti wakiwa na wajukuu.

Baada ya cheti, nyamaza. Jina hilo litaingia darasa la kwanza, litakwenda Baraza la Mitihani, litahakikiwa RITA mtoto akiomba mkopo wa chuo, na akifikisha miaka 18 litakwenda NIDA kwenye kitambulisho cha Taifa. Kulibadilisha kunataka hati ya kisheria, wakili, kisha kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine ukieleza kwamba huyu na yule ni mtu mmoja. Kumwambia mzazi wa mtoto wa miaka minne kwamba "lile jina mimi sikulipenda tangu mwanzo" ni kumtwisha mzigo asioweza kuutua.

Kuna jambo moja tu lisilo na muda wa kwisha, nalo ni herufi. Ukiona kadi inasema Gloria na cheti kinasema Groria, sema siku hiyo hiyo, hata kama humjui vizuri. Hayo si maoni.

Hatua ya tatu: uliza "la nani?"

Swali hili litangulie kila neno lako. "La nani?" Uliulize kwa sauti ya kutaka kujua, halafu nyamaza.

Majina mengi yanayosikika ya ajabu yana mtu nyuma yake. Mtoto amemrithi babu aliyezikwa mwezi uliopita, na ndani ya nyumba hiyo wameshaanza kumwita huyo mchanga "babu" na "baba". Wewe ukiingia na "mh, jina la zamani hilo", unaongelea maiti ya watu. Au ni jina la mkunga aliyemwokoa mama. Au mtoto anaitwa Shija na wewe hujui kwamba kwa Wasukuma na Wanyamwezi huyo ndiye anayefuata baada ya mapacha, Kulwa na Doto. Jina hilo halikuchaguliwa na mtu, nafasi yake ya kuzaliwa ndiyo iliyolileta.

Hapa Dodoma swali hili limekuwa la lazima. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku moja kwa moja, mitaa kama Ilazo, Kisasa na Nzuguni imejaa majirani wa kila kona: Mchaga, Mhaya, Mnyakyusa, Msukuma, na mwenyeji Mgogo akiwa katikati yao. Majina ya kila mmoja yana kanuni zake. Kumwambia Mnyakyusa kwamba Ambokile ni "gumu" si maoni, ni kumwambia kwamba hujazoea. Na wageni nao wajue kwamba jina la Kigogo si kituko. Mazengo alikuwa mtemi wa Mvumi, na shule ya sekondari iliyobeba jina lake ilisomesha watu wengi kabla eneo lile halijawa Chuo Kikuu cha St. John's. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizunguka dunia na ala yake ya ilimba, na hakuna aliyemwomba abadilishe jina ili watamke kwa urahisi. Nikiulizwa na kijana wa Kigogo kama kumwita mwanawe Mazengo kutamchekesha mtu, namwambia kweli kabisa: darasani watoto hucheka jina wanalolisikia mwalimu akilitamka kwa kusitasita. Tamka kwa kujiamini, watalizoea kabla ya mapumziko ya chai.

Ukishajibiwa "la bibi yake marehemu", umemaliza. Kinachobaki ni kuuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani, na kusikiliza.

Hatua ya nne: lipime jina kwa masikio ya watu, si kwa ladha yako

Kama bado wanachagua, na jina si la urithi, sasa unaweza kufikiri. Lakini fikiria mambo ambayo mzazi anaweza kuyahakiki mwenyewe. "Silipendi" haimsaidii mtu. Mimi sipendi majina yanayoishia na -ness, yule Loveness na yule Brightness, na nimewafundisha wote na ni watoto wazuri. Kutopenda kwangu ni kwangu.

Kipimo ninachokianza siku zote ni cha mtoto wa kwanza. Kwetu, mtoto wa kwanza akipata jina, watu watatu wamepata jina. Mama yake ataitwa Mama Fulani sokoni Majengo, kwenye kikoba, msibani, na kwa jirani anayegonga kuomba chumvi, mpaka atakapozeeka. Baba yake naye hivyo hivyo. Kwa hiyo badala ya kutoa maoni, mwombe ajiite: "Hebu jiite kwa sauti, Mama Christabel. Unajisikiaje?" Nimeona mtu akibadilisha mawazo hapo hapo bila mimi kusema jambo lolote, na nimeona mwingine akichanua uso. Wote wawili walipata jibu lao wenyewe.

Pili, majina matatu pamoja. Jina letu halitembei peke yake. Linafuatwa na la baba na la babu. Furaha ni jina safi. Furaha Mashaka linaanza kuwa na hadithi. Happy Majuto linawafanya hata walimu wainamishe vichwa kwenye daftari. Wazazi, kwa kuwa kila siku wanalifikiria jina la kwanza tu, mara nyingi hawajawahi kuyasoma yote matatu kwa mfululizo. Wasomee. Juma wa baba Juma naye ajiandae kueleza kila ofisi kwamba fomu haikukosewa, ni Juma Juma kweli.

Tatu, midomo ya huku kwetu. L na R hapa kati zinabadilishana viti kila mara, na karani huandika anachosikia. Jina lililobeba zote mbili, kama Gloria, Clara, Hilary au Loreen, linaweza kuandikwa kwa namna tatu kabla mtoto hajaota meno. Si sababu ya kuliacha. Ni sababu ya kuwaambia: "Zuri, ila liandikeni kwenye karatasi, mumkabidhi nesi. Msimtamkie." Jacqueline nimeliona likiwa Jackline, Jakline na Jaqlin, na kila mmoja wao akikua atakuja kuapa kwamba lake ndilo sahihi. Kisha mpigieni bibi aliyeko Bahi. Baada ya "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na habari za mifugo, mwambieni jina na msikie linavyorudi. Bibi ndiye atakayelea mtoto wakati wa likizo. Kama Christabel inarudi Kilisitabeli, wazazi wajue mapema kwamba mtoto atakuwa na majina mawili, la mjini na la Bahi. Wengi watasema sawa tu, na ni sawa kweli.

Nne, na hapa usione haya, watoto wanalikataje? Watoto hukata majina. Mavis ni jina la heshima huko lilikotoka, lakini toa herufi ya mwisho uone linachobaki nacho darasani. Kuna wasichana Marekani wanaitwa Malaya na kwao ni jina la kupendeza. Mtu akiliona kwenye simu yake akalipenda kwa ajili ya binti atakayekulia Chamwino, anahitaji rafiki wa kumshika mkono. Hili ndilo eneo ambalo kukaa kimya kwa adabu ni kumkosea mtoto. Ingawa niseme pia: Bibi Titi Mohamed alisimama majukwaani na chama cha TANU mpaka uhuru ukapatikana, barabara kubwa Dar es Salaam ina jina lake, na hakuna aliyethubutu kucheka. Mtu anaweza kulizidi jina lake. Sema hatari uliyoiona, usitabiri maisha ya mtoto.

Tano, mama anaweza kulitamka? Katika familia nyingi za huku mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Wakimpa mtoto jina la baba mkwe, mama atalazimika kumwita "babu" au kumtafutia jina jingine la nyumbani. Wenyeji wanalijua hili; mume wa Kigogo aliyeoa kutoka mbali huenda hajamweleza mkewe. Ukimdokeza mkewe pembeni, umemsaidia.

Kisha kuna majina ya shida, na hapa nina msimamo unaowaudhi baadhi ya wahubiri. Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko: watu wanaambiwa majina haya yana laana, wayafute. Ugogo ni nchi ya mvua chache, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na miaka mibaya huku hupewa majina kama watu. Njaa ya 1917 hadi 1920 ilipewa jina Mtunya. Aliyezaliwa mwaka mgumu akaitwa Mashaka hakulaaniwa, aliandikiwa tarehe. Usimtishe mzazi kwa laana. Lakini kuna aina moja ya jina ambayo ningeisemea: jina la kumjibu mtu. Mama amegombana na mawifi, mtoto anaitwa Semeni. Baba anashuku, mtoto anaitwa Sikujua. Hapo naona ni haki kuuliza kwa upole kama miaka kumi ijayo, mawifi wakishapatana, mtoto atabaki amebeba barua ya nani.

Majina ya msimu, ya wachezaji na ya viongozi, hayana madhara. Ila mjulishe kwamba darasani watakuwa wanne, na mwalimu atawatofautisha kwa majina ya baba zao.

Hatua ya tano: jiulize kama wewe ndiye wa kulisema

Ukweli ule ule ukitoka kwa mtu mwingine unakuwa tusi. Mila zetu zimeshaligawa jukumu hili na ni vizuri kulitumia lilivyo. Wenye leseni ni watani: babu na bibi kwa wajukuu zao, mashemeji, watoto wa mjomba na shangazi, na mtani wa kabila. Bibi anaweza kusema mbele ya watu wote, "Huyu mjukuu wangu mmempa jina au mmempa namba ya gari?" na nyumba nzima ikacheka, mama akiwemo, na usiku wazazi wakakaa chini wakalifikiria upya. Dada wa kanisani akisema maneno hayo hayo, hataalikwa tena. Kwa hiyo kama una jambo zito na huna utani na wahusika, mtafute mwenye utani nao. Mweleze sababu yako, si hasira yako, umwachie achague saa. Na utani una ukumbi wake: usifanywe mbele ya upande wa pili wa familia, maana wao hawajui kama ni utani.

Wasio na leseni ni wale ambao maoni yao ni amri. Mama mkwe. Baba mwenye nyumba mnayoishi. Bosi wa ofisini kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Mchungaji. Mama mkwe akisema "mimi naona tu", mkamwana anasikia hukumu. Kama wewe ni mama mkwe na jina limekuudhi kweli, zungumza na mwanao peke yake, mara moja, na umalize kwa maneno yanayomwachia nafasi: "Mimi nimesema langu, mwanangu. Nyinyi ndio wenye mtoto. Mtakaloamua nitamwita hilo." Na umwite hilo. Ukitaka jina la marehemu mama yako liendelee, liombe kabla ya mimba kuonekana. Usilisubirishe mpaka siku ya kadi ukalileta kama deni.

Jirani mpya na mfanyakazi mwenzako wa mwaka mmoja hawana utani wala amri. Hao wajibu wakiulizwa tu, na kwa ufupi.

Hatua ya sita: maneno yenyewe

Omba ruhusa, sema jambo moja, toa njia, nyamaza. Anayesema matatu kwa mpigo ameacha kusaidia, anashindana.

Kwa mdogo wako anayetaka Mavis: "Mdogo wangu, mlio wake mzuri. Nina jambo moja la kimwalimu, nikuambie? Watoto wa darasa la kwanza hukata majina, na hili likikosa herufi ya mwisho unajua linakuwa nini. Kama mnalipenda sana, liwekeni la kanisani, la shule liwe jingine." Hakuna mahali umesema jina ni baya. Umemwonyesha darasa.

Kwa kaka yako mkubwa heshima itangulie: "Kaka, shikamoo. Hongera kwa mgeni. Nina neno dogo kuhusu jina, ila kama mmeshaandikisha basi halina maana." Sentensi ya mwisho inampa mlango wa kutokea: akisema wameshaandikisha, umefunga mjadala bila yeyote kushindwa.

Kwa rafiki aliyeunganisha jina lake na la mume wake akapata kitu ambacho hakijawahi kuandikwa na mtu: "Nimeona lilivyotoka kwenu wawili, ni wazo la mapenzi. Mtoto atalitaja herufi moja moja kila dirishani. Mko tayari kwa hilo?" Wengine wako tayari. Ni haki yao.

Na kwa yule aliyekuomba ukweli mtupu, "niambie bila kunificha", bado usimwambie bila kuchagua. Mwambie unachoweza kukitetea: "Ukiniuliza mimi, la pili linakaa vizuri zaidi na jina la baba yake. La kwanza nalisikia gumu kwa bibi kulitamka." Umelinganisha majina mawili yake mwenyewe. Usilete la tatu kutoka kwenye hifadhi yako isipokuwa akuombe, maana ukishaleta lako umekuwa mgombea, na hakuna atakayeamini tena kwamba ulikuwa unamsaidia kuchagua.

Yasiyosemeka: "Mh!" peke yake, ikifuatiwa na kimya. "Nyinyi wasomi bwana." "Kuna mlevi mtaani kwetu anaitwa hivyo." "Si jina la mbwa wa jirani?", na hili husemwa kweli, na aliyelisema hukumbukwa mpaka mtoto anaolewa. Pia usimpe mzazi jina kwa kicheko halafu useme ulikuwa unatania. Kama huna utani naye, hukuwa unatania.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo weka pongezi tu. Watu arobaini wakisoma, hata "tuliangalie kidogo hili" inakuwa mkutano wa hadhara. Mfuate mhusika pembeni, na piga simu badala ya kuandika; maandishi hayana uso, na yanaweza kupigwa picha yakasambazwa.

Hatua ya saba: baada ya kusema

Umesema mara moja. Ukirudia, si maoni tena. Usimpigie kuuliza "vipi, mliamuaje?" Subiri uambiwe.

Wakibaki na jina lao, lijifunze: namna linavyotamkwa na namna linavyoandikwa. Mwite mtoto kwa jina hilo kamili siku ya kwanza unapokwenda kumwona na zawadi yako, wazazi wakisikia. Kuna watu walioshindwa hoja wakaamua kumbandika mtoto jina lao, "mimi nitamwita Asha tu". Hiyo ni vita ya chini chini na mama wa mtoto anaijua tangu siku ya kwanza. Jina la utani zuri hutoka kwa mtoto mwenyewe, kwa alichofanya akiwa na miaka miwili, halitoki kwa shangazi aliyenuna.

Wakilibadilisha kwa sababu yako, hilo lizike. Usilitaje harusini, usimwambie mtoto akikua kwamba nusura aitwe Mavis na wewe ndiye uliyemwokoa. Wazazi watakuwa wamelisimulia kama uamuzi wao, na ni wao kweli walioamua.

Na kama unataka kuwa na faida kwao kuliko maoni yoyote, jitolee kwenda nao ofisi ya kata siku ya kuandikisha. Beba kadi ya kliniki, tangazo la kizazi na vitambulisho vya wazazi, pamoja na karatasi yenye majina matatu kwa herufi kubwa. Karani akimaliza kujaza, msome cheti herufi moja moja, na jina la baba lilinganisheni na lililoko kwenye kitambulisho chake, kabla hamjaondoka dirishani.